Yaonekana Mawe, Kumbe Bati

Barabara kuu ya Madison, mji mdogo wa jimbo la Indiana, Marekani, kando ya mto Ohio, ina maduka ya karne ya 19 yaliyobanana bega kwa bega, mengi ya ghorofa mbili au tatu. Chini ni vioo vipana, na mlango umeingizwa ndani kidogo ili mpita njia ajikinge mvua huku akitazama bidhaa. Juu waliishi wenye maduka, au walipangisha.

Katika miji ya namna hii Marekani, wageni husifia "mawe" yaliyochongwa juu ya madirisha. Chukua sumaku uigusishe kwenye nguzo ya duka. Ikinata, hicho si jiwe bali ni chuma, mara nyingi cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Na ile nakshi ya ukingo wa paa mara nyingi ni bati lililopakwa zinki, likagandamizwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ya mawe. Kampuni ya George L. Mesker ya Evansville, Indiana, iliuza sura nzima za maduka, yaani kuta za mbele, kwa katalogi: mfanyabiashara anachagua, mzigo unakuja kwa treni, mafundi wa palepale wanaufunga. Inama utazame chini ya nguzo. Huenda jina la kiwanda bado lipo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wenye maduka wengi walizifunika sura hizo kwa alumini ili zionekane za kisasa. Mwaka 1977, shirika la Marekani la kuhifadhi majengo ya kale, National Trust, lilichagua miji mitatu ya majaribio ya kufufua barabara kuu: Madison, Galesburg ya Illinois na Hot Springs ya South Dakota.

Lakini kinachonisumbua zaidi si alumini, maana hiyo huondolewa. Ni sementi. Tofali za zamani ni laini, na zilijengwa kwa chokaa. Ukiziba viungo kwa sementi ngumu, unyevu hukosa pa kutokea; wakati wa baridi maji huganda ndani na uso wa tofali hubanduka. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaujua ugonjwa huu, ingawa kwao mharibifu ni chumvi, si barafu.

Kabla ya kumwita fundi, kwaruza kiungo kimoja kwa ufunguo. Kikimeguka kama unga mweupe wenye mchanga, mwambie alete chokaa.