Je, wajua kwa nini barua ya deni la zamani haijibiwi kwa pupa?

Deni ulilokwisha kulisahau kwa miaka minane linarudi siku moja ndani ya barua ya wakili. Barua inasema ulipe katika siku saba, la sivyo utashitakiwa, mali yako itakamatwa, na pengine utafungwa. Kiasi kilichoandikwa ni mara tatu ya ulichokopa. Moyo unaenda mbio, unachukua simu, na neno la kwanza linalokutoka ni: "Samahani sana, nitalipa, nipeni muda kidogo."

Neno hilo la kiungwana ndilo linaloweza kukuponza. Katika nchi nyingi, deni lililokaa miaka mingi bila kufunguliwa kesi hufika mahali ambapo mdai hana tena haki ya kulipeleka mahakamani. Anayeweza kumrudishia haki hiyo mara nyingi ni mdaiwa mwenyewe, kwa maandishi yake au kwa malipo yake. Kwa hiyo kabla ya kujibu chochote, inafaa kujua deni lina umri gani.

Wanasheria huliita jambo hili ukomo wa muda, na ni la kale sana. Katika hotuba za Demosthenes wa Athens, karne ya 4 kabla ya Kristo, inatajwa sheria ya Solon, mtunga sheria wa kale wa mji huo, iliyowapa wenye madai miaka 5. Mwaka 424 Kaisari wa Roma, Theodosius II, aliweka ukomo wa miaka 30. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1623, enzi ya Mfalme James I, na kwa madeni ya kawaida ikachagua miaka 6. Idadi hiyo ilienea mbali: hadi leo miaka 6 ndiyo ukomo wa madai ya mkataba Uingereza, Kenya, Uganda na Tanzania. India ni miaka 3. Ujerumani nayo ni miaka 3, inayohesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka, ingawa kabla ya mwaka 2002 ilikuwa 30. Ufaransa ilishuka kutoka 30 hadi 5 mwaka 2008. Marekani kila jimbo lina hesabu yake.

Kwa nini sheria imwonee huruma mtu asiyelipa? Wengi huuliza hivyo kwa hasira, na swali ni la haki. Jibu ni kwamba sheria hapa inalinda ushahidi. Aliyelipa deni lake na kutupa risiti baada ya miaka kumi hana cha kujitetea nacho. Karani aliyepokea fedha amehama au amefariki, daftari limeliwa na mchwa, na hakimu anabaki kusikiliza kumbukumbu mbili zilizofifia. Mdai aliyenyamaza muda wote huo alikuwa na nafasi ya kushitaki mambo yakiwa bado mabichi. Kumruhusu aje wakati wowote anaotaka kungemfanya kila mtu atunze kila karatasi maisha yake yote.

Hata hivyo, kuzuiwa kesi si sawa na kufutwa deni. Tofauti hii ilielezwa vizuri na Mejelle, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya uliotungwa kati ya miaka ya 1869 na 1876 kwa misingi ya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu. Kwa madai mengi, mahakama haikusikiliza shauri baada ya miaka 15. Lakini Mejelle hiyohiyo ikasema haki haifi kwa kupita muda, na kwamba mdaiwa akikiri waziwazi mbele ya hakimu, muda uliopita hauna kazi tena. Kwa maneno mengine, mlango wa mahakama unafungwa, na ufunguo anabaki nao mdaiwa.

Sheria za leo zinatofautiana hapo. Scotland, kwa sheria ya mwaka 1973, deni la kawaida likikaa miaka 5 bila kudaiwa kisheria wala kukubaliwa, wajibu wenyewe unazimika. Uingereza na Ujerumani deni linabaki, ila mdaiwa ana haki ya kuikataa kesi. Asipoitumia haki hiyo katika utetezi wake, hakimu hatamtetea. Tanzania imekwenda njia nyingine: kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama iitupe kesi iliyochelewa hata kama mdaiwa hakulisema jambo hilo. Ndiyo maana ushauri wa jamaa aliye nchi nyingine unaweza kuwa sahihi kwake na ukakudhuru wewe.

Umri wa deni huhesabiwaje? Hauanzi siku uliyokopa, bali siku uliyotakiwa kulipa usilipe. Tuseme ulikopa mwaka 2015 ukatakiwa kurudisha zote kufikia Juni 2016. Kwa ukomo wa miaka 6, mdai alikuwa na nafasi hadi Juni 2022. Lakini kama mwaka 2019 ulituma hata kiasi kidogo, hesabu ilianza upya siku hiyo, na nafasi ikasogea hadi 2025. Mkopo wa kulipwa kwa awamu una ugumu wake, kwa sababu kila awamu inaweza kuwa na tarehe yake. Deni lenye dhamana ya nyumba au ardhi mara nyingi hupewa muda mrefu zaidi. Na kama hukumu ilishatolewa zamani, hata bila wewe kujua, basi mambo yamebadilika kabisa: Kenya na Tanzania hukumu inaweza kukaziwa, yaani kutekelezwa kwa amri ya mahakama, hadi miaka 12.

Sasa, kwa nini barua zije kuchelewa hivyo? Sababu kubwa ni biashara ya kuuziana madeni. Mkopeshaji akichoka kufuatilia, huuza orodha nzima ya wadaiwa kwa kampuni nyingine kwa bei ya kutupa. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilichapisha uchunguzi wake na kukuta wanunuzi walilipa wastani wa senti 4 kwa kila dola ya deni. Kwa madeni yenye umri wa miaka 6 hadi 15, kama senti 2 tu. Mnunuzi wa namna hiyo hahitaji watu wote walipe. Akiwatumia barua watu elfu na wachache wakaogopa, amekwisha pata faida. Uchunguzi huo ulikuta pia kwamba wanunuzi hupokea nyaraka chache sana pamoja na orodha hiyo. Anayekutisha huenda hana hata nakala ya mkataba wako.

Hapo ndipo jibu zuri linapoanzia: usikiri, usikane kwa hasira, omba ushahidi. Jibu kwa maandishi, si kwa simu, na tunza nakala. Barua fupi inatosha:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani. Sikubali kwamba nadaiwa kiasi mlichokitaja. Naomba mnipatie nakala ya mkataba, taarifa ya malipo yote na riba, tarehe ya malipo ya mwisho, na hati inayoonyesha kwamba deni hili limehamishiwa kwenu. Barua hii si kukiri deni lolote."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Ukiandika "najua nadaiwa ila hali ni ngumu", umemkabidhi mdai karatasi aliyokuwa akiitafuta. Sheria nyingi hutaka kukiri kuwe kwa maandishi na kutiwa saini, lakini usijiamini sana kwa hilo, maana zipo mahakama zilizokubali ujumbe wa barua pepe kuwa maandishi yenye saini. Malipo yenyewe hayahitaji saini yoyote. Kwa hiyo ombi la upole kwenye simu, "tuma kidogo tu kuonyesha nia njema," lipokee kwa tahadhari kubwa. Kiasi kidogo kinaweza kuuamsha mkopo mzima.

Uingereza ina kinga moja hapa: sheria yake ya mwaka 1980 inasema deni ambalo muda wake umekwisha kabisa halifufuliwi na kukiri wala malipo ya baadaye. India hakuna kinga kamili ya hivyo. Sheria yake ya Mikataba ya mwaka 1872 inaitambua ahadi ya maandishi yenye saini ya kulipa deni lililopitwa na muda, na Tanzania ina kifungu cha aina hiyohiyo. Ahadi ya namna hiyo ni mkataba mpya, na unashitakika.

Baadhi ya nchi zimeweka taratibu za kumpa mdaiwa nafasi ya kupumua. Marekani, ukilipinga deni kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu taarifa ya kwanza, mkusanyaji wa madeni lazima asimame hadi akuletee uthibitisho. Na tangu Novemba 2021 kanuni zinamkataza kushitaki au kutishia kushitaki kwa deni lililopita ukomo. Uingereza, tangu Oktoba 2017, mfanyabiashara anayemdai mtu binafsi hutakiwa kumpa siku 30 za kujibu kabla ya kufungua kesi. Zile "siku saba" za barua ya vitisho mara nyingi ni za mwandishi wa barua, si za sheria.

Na jela? Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 11, unasema mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Kifungo cha madai bado kipo katika nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo, lakini huja baada ya hukumu, kwa amri ya mahakama, na hakimu huangalia kwanza kama mtu ana uwezo akakataa kulipa. Wakala wa madeni hawezi kumfunga mtu, wala kubeba televisheni yake bila amri ya mahakama pale ambapo mali hiyo haikuwekwa dhamana. Hundi isiyo na fedha au udanganyifu ni habari nyingine, kwa kuwa hayo yanaweza kuwa makosa ya jinai.

Kuna karatasi moja tu isiyovumilia kukaa mezani: wito wa mahakama. Barua ya wakili ina nembo ya ofisi yake. Wito una namba ya shauri, mhuri wa mahakama na tarehe. Watu wengi hushindwa kesi ambazo wangeshinda, kwa sababu waliambiwa deni limekufa wakaona hakuna haja ya kwenda. Usipojibu, mahakama inaweza kutoa hukumu ya upande mmoja, na deni la miaka minane likawa hukumu mpya. Tanzania utetezi wa maandishi hutakiwa ndani ya siku 21. Uingereza siku 14, au 28 ukithibitisha kwanza kuupokea wito. Katika utetezi huo, andika waziwazi kwamba muda wa kudai umepita. Hapa ndipo fedha ya wakili, au siku moja ya kupanga foleni kwenye kituo cha msaada wa sheria, inapokuwa na faida ya kweli.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa, na wapo watakaoona dhamiri haiwaruhusu kujificha nyuma ya kalenda. Nawaheshimu. Kama deni ni lako kweli, mdai ni wa kweli na uwezo unao, lipa, lakini baada ya kuthibitisha. Punguzo huwa linawezekana, kwa kuwa aliyenunua kwa senti chache ana nafasi kubwa ya kushuka. Pata makubaliano ya maandishi kabla ya kutoa fedha, yakisema kiasi hicho kinamaliza deni lote na hakuna salio. Bila maneno hayo, kilichobaki kinaweza kuuzwa tena, na barua ikaja kutoka kwa mtu mwingine miaka kadhaa baadaye. Hati hiyo iweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.