Hijra ya Mtume: yanayosimuliwa na yaliyothibiti

Kila Mfungo Nne (Muharram) ukiandama, husikika mimbarini kwamba siku kama hiyo Mtume Muhammad (s.a.w.) alihama Makka kwenda Madina. Hakuhama mwezi huo. Alifika Quba, nje kidogo ya Madina, siku ya Jumatatu katika Rabiul Awwal, yaani Mfungo Sita. Wapo wanaotaja tarehe 8 na wengi hutaja 12. Kwa miladi ni Septemba 622. Muharram 1 ya mwaka huohuo iliangukia katikati ya Julai, wakati Mtume bado yuko Makka.

Mkanganyiko unatokana na kalenda, ambayo Mtume mwenyewe hakuianzisha. Iliwekwa na Khalifa Umar bin al-Khattab katika mwaka wa 17 wa Hijra, kwa mashuhuri ya riwaya, baada ya Abu Musa al-Ash'ari kumwandikia kwamba barua zake zinafika bila tarehe. Sahaba walishauriana wahesabu kutoka wapi: kuzaliwa kwa Mtume, kupewa utume, kufa kwake, au kuhama kwake. Likapita la Hijra. Ndipo ukaja mjadala wa pili, wa mwezi wa kufungulia mwaka, wakakubaliana Muharram kwa kuwa mahujaji huwa wamerudi makwao. Ibn Hajar, mwanachuoni wa hadithi, ameongeza sababu nzuri: baia (kiapo cha utii) iliyofungua njia ya kuhama ilifanyika Dhulhijja, na mwezi ulioandama baada yake ulikuwa Muharram. Kwa hiyo Muharram ni mwanzo wa hesabu, si kumbukumbu ya siku ya safari.

Hapohapo lipo kosa la hesabu. Watu huchukua mwaka wa Hijra, wakajumlisha 622, wakadhani wamepata mwaka wa miladi. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo kila miaka 33 ya Hijra ni karibu 32 ya jua. Zidisha mwaka wa Hijra kwa 0.97 kwanza, kisha jumlisha 622. Mwaka 1446: 1446 × 0.97 ni 1402.6, ongeza 622 upate 2024. Ukijumlisha moja kwa moja utapata 2068.

"Alitoroka ghafla usiku mmoja"

Hii ndiyo dhana inayopoteza mengi, kwa sababu inaficha kazi iliyofanywa. Mwaka 621 watu 12 wa Yathrib (ndiyo Madina) walimpa Mtume baia pale Aqaba, naye akamtuma Mus'ab bin Umayr akawafundishe dini. Mwaka uliofuata walikuja wanaume 73 na wanawake wawili, wakaahidi kumlinda. Waislamu wakaanza kuondoka Makka kidogokidogo. Abu Bakr alipotaka kwenda aliambiwa asubiri, akawafuga ngamia wawili kwa majani ya mti wa samur muda wa miezi minne. Saa ilipofika alimpa Mtume mmoja wao, naye akakataa kumchukua ila kwa kulipa thamani yake.

Tazama walivyogawana kazi. Ali alilala kitandani pa Mtume, kisha akabaki Makka siku tatu kurudisha amana za watu. (Maquraishi waliokuwa wakipanga kumuua Mtume ndio haohao waliomwekesha mali zao.) Asma binti Abu Bakr alitayarisha chakula, akapasua mshipi wake kufungia mfuko. Abdullah bin Abi Bakr alishinda mjini mchana akisikiliza Maquraishi wanasema nini, usiku akapeleka habari pangoni walikojificha Mtume na Abu Bakr. Amir bin Fuhayra alipitisha mbuzi na kondoo jioni. Wakapata maziwa, na kwa riwaya ya Ibn Ishaq, mwandishi wa sira ya Mtume, nyayo za Abdullah zikafutika chini ya kwato. Kiongozi wa njia alikuwa Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Mwislamu: aliajiriwa kwa ujuzi na uaminifu wake, akakabidhiwa ngamia na kuambiwa awakute pangoni baada ya usiku wa tatu.

Pango lenyewe huchanganywa. Hira, alikoteremshiwa wahyi wa kwanza, ni jingine. Hili la Hijra ni la Thawr, na liko kusini mwa Makka ilhali Madina iko kaskazini. Walianza kwa kuipa mgongo njia ambayo kila mtu angeitafuta.

"Buibui na njiwa waliwaokoa"

Hapa riwaya hazilingani kwa nguvu. Riwaya ya buibui kutanda mlangoni mwa pango imo katika Musnad, mkusanyo wa hadithi wa Imam Ahmad, kutoka kwa Ibn Abbas. Mwanachuoni Ibn Kathir aliiona sanadi yake (mlolongo wa wasimulizi) kuwa nzuri, wengine wameidhoofisha kwa sababu ya msimulizi wake Uthman al-Jazari. Ya njiwa na mayai ni dhaifu zaidi. Lililo sahihi bila shaka liko kwa Bukhari na Muslim: Abu Bakr alisema mmoja wa waliokuwa wakiwasaka akitazama miguuni pake atawaona, Mtume akamtuliza kwamba wa tatu wao ni Mwenyezi Mungu. Qur'ani 9:40 inataja pango, utulivu na majeshi yasiyoonekana, buibui hayumo. Wanaoleta aya ya 29:41 kuwa ushahidi wamekosea mahali, kwani inawafananisha wanaotegemea wasiokuwa Mungu na buibui, na nyumba yake inaitwa dhaifu kuliko zote.

"Umar alihama hadharani, akiwatisha Maquraishi"

Simulizi hii hupendwa kwa ushujaa wake, lakini sanadi yake haisimami. Ibn Ishaq amepokea kutoka kwa Umar mwenyewe kwamba aliagana na Ayyash bin Abi Rabia na Hisham bin al-As wakutane nje ya mji, na atakayechelewa asubuhi ijulikane amezuiwa. Hisham alizuiwa. Hiyo ni safari ya siri, wala haimpunguzii Umar chochote.

"Alipokewa kwa Tala'al badru"

Kaswida hii haikosekani maulidini, na kuiimba hakuna neno. Tatizo ni kuifunga na siku ya Hijra. Sanadi yake imekatika wasimulizi kadhaa, na mwanachuoni Ibn al-Qayyim aliona kasoro ya kijiografia: Thaniyyatul Wadaa (njia ya kilimani) inayotajwa ndani yake iko upande wa Sham, kaskazini, na mtu anayetoka Makka hapiti huko. Aliiweka kwenye kurudi kutoka msafara wa vita wa Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra. Kwa Bukhari, Saib bin Yazid anakumbuka akiwa mtoto walivyotoka na wenzake kumpokea Mtume mahali hapohapo, wakati wa Tabuk. Ibn Hajar alitafuta njia ya kuziafikisha kauli hizi, kwa hiyo ubishi haujafungwa. Sisi tunaona hoja ya Ibn al-Qayyim ina uzito zaidi.

Kuhusu misikiti: wa kwanza kujengwa baada ya kufika ni wa Quba, si Masjid Nabawi. Kiwanja cha huu wa pili kilikuwa uwanja wa kukaushia tende wa mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure, Mtume akakataa mpaka akakinunua. Na haukuelekea Makka tangu siku ya kwanza: kwa miezi 16 au 17 waliswali wakielekea Baitul Maqdis, upande wa kaskazini, ndipo ikateremka amri ya kugeukia Kaaba.