Mradi wa Serikali Nao Huombewa Kibali

Katika mikutano ya vijiji vya Uvinza na Kigoma Vijijini sikosi kuulizwa hivi: ikiwa mradi wa maji au wa umeme ni wa Serikali, unaombewa kibali cha nini, na kwa nani? Swali hilo ni la haki. Serikali ni moja, lakini kila taasisi yake imekabidhiwa kulinda kitu fulani. Kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, kwa Sheria Na. 11 ya mwaka 2009. Bomba likikatiza barabara au reli, mwenye eneo la hifadhi ya barabara au reli hiyo naye huombwa ridhaa.

Kilicho kizito zaidi ni cheti cha mazingira, ambacho hutanguliwa na tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya mwaka 2004. Wako wanaokichukulia kuwa karatasi ya kukamilishia jalada. Hao mimi huwakumbusha Igamba, kwenye Mto Malagarasi, ambako mtambo wa megawati 8 uliokusudiwa kujengwa kwa fedha za MCC, shirika la misaada la Serikali ya Marekani, uliachwa baada ya uchunguzi kuonyesha kuwa pale pana viumbe walio hatarini kutoweka. Kigoma ikabaki na jenereta za dizeli kwa miaka mingine mingi. Kwa maoni yangu tathmini haikukosea. Ilichelewa, kwa kuwa wananchi walikuwa wamekwisha kuahidiwa umeme.

Hata hivyo, linalotuchelewesha mara nyingi zaidi ni fidia. Ripoti ya uthamini ikiisha kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, uhai wake ni miaka miwili, na malipo yakipita miezi sita hudai riba. Katika mkuza mmoja wa umeme, yaani ukanda wa ardhi wa kupitishia nyaya, niliowahi kuufanyia kazi, fedha hazikufika ndani ya muda huo, nasi tukarudi shambani mwaka wa tatu kuhesabu michikichi ile ile, isipokuwa kwamba iliyokuwa miche sasa ilikuwa inazaa, na mchikichi unaozaa hauthaminiwi sawa na mche. Wenye mashamba, ambao tuliwazuia kupanda kitu kipya muda wote huo, walitupokea kwa ukimya.

Tangu hapo, kabla sijakubali kuweka alama ya rangi kwenye mti wa mtu, huomba kwanza kuonyeshwa barua ya kuthibitisha kwamba fedha za fidia zimetengwa.