Maabara Haikupitisha Jengo Lako

Wiki iliyopita nimepigiwa tena simu ile ile. Mwenye jengo ameona ufa kwenye bimu ya ghorofa ya kwanza, na kabla hata hajaeleza ufa wenyewe ukoje, akaniambia: "Lakini Mhandisi, maabara yenu si ilipitisha zege letu?" Nimekaa miaka mingi kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi ya chuo cha uhandisi, na hakuna kauli inayoniumiza kama hiyo. Hatukupitisha zege, wala bimu, wala jengo. Tuliletewa na dereva kyubu 3, yaani vipande vya zege vya umbo la mchemraba, tukazivunja, tukaandika kila moja ilivunjika kwa mzigo gani.

Isomeni ripoti tena, taratibu. Juu kabisa imeandikwa "sampuli iliyowasilishwa na mteja". Hapo ndipo ushahidi wetu unapoishia. Kyubu ya milimita 150 ina uso wa milimita za mraba 22,500. Ili ifike megapaskali 25 (megapaskali ni kipimo cha nguvu ya zege), mashine lazima iibane kwa kilonyutoni 562 na nusu, karibu sawa na kuitwisha tani 57. Kazi hiyo tunaifanya kwa uangalifu mkubwa. Kyubu inalazwa ubavu ili uso uliolainishwa kwa mwiko usiguse bamba la mashine. Mzigo unapanda kwa takriban megapaskali 0.6 kila sekunde, kwa sababu ukiharakisha, namba inapanda wakati zege ni lile lile. Tukimaliza tunajua kwa hakika jambo moja: kyubu hii, siku hii, ilibeba kiasi hiki.

Sasa tazameni kyubu ilivyolelewa na bimu ilivyolelewa. Kyubu ilijazwa kwa tabaka 3, kila tabaka likashindiliwa kwa mapigo yasiyopungua 35, kesho yake ikatolewa kwenye kalibu na kulazwa majini, kwenye nyuzi 20 hivi, mpaka siku ya 28. Bimu ilimwagwa jioni vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishikamane, ikiwa imekufa, nondo zimesongamana hadi kokoto hazipiti, na baada ya siku 2 hakuna aliyekumbuka kuimwagilia. Hewa iliyonaswa ndani ya zege ikifika asilimia 5, nguvu inaweza kushuka kwa asilimia 30. Kyubu iliyoshindiliwa vizuri haina hewa hiyo, kwa hiyo mashine yangu haiwezi kuiona.

Halafu kuna maji. Lori limechelewa, zege limeanza kuwa gumu, kyubu zimeshachukuliwa, na mtu anaongeza maji ili limwagike kirahisi. Mtafiti wa zege wa Marekani, Duff Abrams, alionyesha mwaka 1918 kwamba kinachotawala nguvu ya zege ni uwiano wa maji na saruji. Zaidi ya karne imepita, na bado naletewa kyubu za zege kavu kutoka saiti ambako bimu zilimwagwa uji.

Wanaoandika kanuni wanaijua tofauti hii. ACI 318, kanuni ya zege ya Marekani, inaruhusu vipande vya mviringo vilivyokatwa kwenye jengo lenyewe, tunavyoviita viini, vihesabiwe kuwa vinatosha iwapo wastani wa viini 3 umefika asilimia 85 ya nguvu iliyokusudiwa na hakuna kimoja kilicho chini ya asilimia 75. Maana yake, kanuni yenyewe haitegemei zege la ndani ya jengo lilingane na lile lililolelewa kwenye kalibu. Ukitaka kujua habari za bimu, iulize bimu. Nyundo ya Schmidt, kifaa kinachogongwa kwenye zege na kusoma linavyokirudisha, itakusaidia kutafuta sehemu dhaifu, lakini inapima ugumu wa uso tu. Jibu linakuja kiini kikivunjwa.

Na ushauri wangu, ambao nitaurudia hadi nistaafu: andikeni kwenye kyubu kwa msumari, zege likiwa bado bichi, tarehe na mahali zege lilipomwagwa. Karatasi inaoza majini na chaki inafutika. Kisha aliyezitengeneza ndiye azilete, kwa sababu nina maswali ya kumuuliza na dereva hana majibu. Kyubu nzuri ina uzito wa kilo 8 hivi. Ikija na kilo 7 na nusu, mara nyingi najua kabla ya kuwasha mashine kwamba haikushindiliwa. Niliwahi kupokea kyubu 6 zilizoandikwa majina ya nguzo 6, na zilipopasuka zote zilikuwa na kokoto zile zile na mchanga ule ule, tofauti kabisa na zege la saiti ile. Niliziandikia ripoti, maana ndizo nilizoletewa, lakini sikulala vizuri.

Wengine husema, "Zimefeli, ngoja tulete nyingine." Kyubu za mmwago wa leo zinazungumzia mmwago wa leo. Zilizofeli zinabaki zimefeli, na zege lake lipo kwenye jengo lenu. Matokeo ya siku 7 nayo ni ya kukuonya mapema. Kwa saruji ya kawaida huwa kama theluthi mbili ya nguvu ya siku 28, na saruji zilizochanganywa majivu huchelewa zaidi.

Mnasema wanaopima ni wanafunzi, kwa hiyo namba hazina uzito? Mwanafunzi anayeandika tasnifu yake huwa mkali kwa kipimo kuliko mtu yeyote. Badala ya umri wa mpimaji, ulizeni cheti cha urekebishaji wa mashine, kinachoonyesha kwamba inasoma sawasawa, na tarehe yake.

Mwingine huonyesha mashine nyingine ya maabara na kusema, "Ile mashine imekaa tu, nipisheni saa moja." Haijakaa. Inapima uchovu wa chuma, yaani chuma kinavyodhoofika kwa kubebeshwa mzigo tena na tena, mizunguko milioni 10 kwa kasi ya mizunguko 10 kwa sekunde, na hiyo ni zaidi ya siku 11 usiku na mchana. Kipande kikitolewa hakirudi kukaa pale pale, na jaribio limeharibika.

Wale wanaosema maabara za vyuo ni za nadharia tu, wasome habari za daraja la reli la Münchenstein, Uswisi, lililoanguka tarehe 14 Juni 1891 na kuua zaidi ya watu 70. Aliyeitwa kuchunguza pamoja na mwenzake alikuwa Ludwig von Tetmajer, profesa na mkuu wa kituo cha kupima vifaa kilichoanzishwa kwenye chuo cha ufundi cha Zürich mwaka 1880. Kwa kuzibana nguzo moja baada ya nyingine hadi zipinde, alionyesha kwamba fomula ya Euler ya kukokotoa mzigo unaoipinda nguzo, iliyoaminiwa tangu karne ya 18, inazipa nguzo fupi na nene nguvu ambazo hazina.

Yule mwenye jengo nimemwambia amwite mhandisi wa miundo achague mahali pa kukata viini 3 kwenye bimu ile bila kugusa nondo, na asimwage ghorofa ya pili mpaka tuvivunje.