Upepo wa ziwa pekee hausafishi hewa ya Mwanza

Ni rahisi kuamini kwamba upepo wa Ziwa Viktoria huondoa moshi wote wa Mwanza. Sivyo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, na upepo huvuma kuelekea mjini. Usiku mwelekeo hugeuka, hivyo moshi uliosukumwa ziwani unaweza kurudishwa kesho yake. Upepo ukitulia alfajiri, moshi wa mkaa, wa taka zinazochomwa na wa kubanika samaki hutuama mabondeni, kati ya vilima vya mawe. Moshi huo una chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu; tangu 2021, Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo.

Kinachosaidia ni kuuzuia moshi unakotoka, na hapo mkutano wa mtaa una nguvu kuliko inavyodhaniwa: ukikubaliana na halmashauri na wazoa taka kuhusu siku za gari kupita, na siku hizo zikaheshimiwa (hapa ndipo mipango mingi hukwama), sababu kuu ya kuchoma taka uani huondoka. Wabanika samaki nao wanahitaji majiko yanayotumia kuni kidogo, ambayo kikundi kinaweza kuchangia kwa pamoja.