Herufi Moja ya DNA Ikibadilika

Majibu ya kipimo cha jeni huja na maandishi kama c.20A>T, na anayeyapokea huuliza papo hapo kama ni hatari. Maandishi yenyewe hayajasema hivyo. Yanasema tu kwamba herufi ya 20 ya sehemu ya jeni inayosomwa kuunda protini ingekuwa A, ila imekutwa T.

DNA yetu imeandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C, na nakala moja kamili ina herufi takriban bilioni 3. Seli husoma jeni kwa herufi tatutatu. Kila tatu huagiza asidi amino moja, nazo zikiungana huwa protini. Herufi moja ikishika nafasi ya nyingine, hiyo ni mutesheni ya nukta.

Tutazame GAG moja tu, iliyo mwanzoni mwa jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Huagiza asidi ya glutamiki. Ikigeuka GAA, agizo ni lilelile na mwenye nayo hatajua maisha yake yote. Ikigeuka TAG, maana yake "komea hapa", na protini hukatika ikiwa changa. Ikigeuka GTG, huletwa asidi amino nyingine, valini. Himoglobini yenye valini hiyo, ikishaachia oksijeni, hugandamana kuwa nyuzi na kuikunja chembe nyekundu ya damu mfano wa mundu. Ndiyo ile c.20A>T. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ana selimundu; aliyeirithi kwa mmoja kwa kawaida haumwi, tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo swali la nakala moja au mbili ndilo la kuanza nalo. (Kwa hesabu ya asidi amino, vitabu vya zamani huiita nafasi ya 6, majibu ya sasa ya 7. Isikutishe, ni ileile: siku hizi huhesabiwa pia asidi amino ya mwanzo kabisa, ambayo seli huikata baadaye.)

Herufi kudondoka ni jambo jingine, ingawa wengi hulichanganya na hili. Soma: MTO ULE UNA KAA. Weka I badala ya O: MTI ULE UNA KAA. Kaa juu ya mti ni kioja, lakini sentensi inasomeka. Sasa iondoe O kabisa, uendelee kusoma tatutatu: MTU LEU NAK AA. Neno la kwanza linakuhadaa kuwa mambo ni shwari, kumbe yanayofuata yote yamevurugika. Kwenye majibu utaona "del", si alama ya >.