Nadharia ya njama ni nini, na mwanasiasa anaikuzaje

Tuseme uko mwaloni Kibirizi, Kigoma. Mama anayeanika dagaa anamwambia mwenzake kwamba yale matone ya polio wanayopewa watoto yanafunga kizazi. Huo ni uvumi. Ukimwonyesha binti yake mwenyewe, aliyepewa matone utotoni na leo amebeba mtoto mgongoni, anaweza kucheka na mambo yakaishia hapo.

Nadharia ya njama haiishi kirahisi hivyo. Njama ni mpango wa siri wa watu wenye nia mbaya, na nadharia yake ni yale maelezo kwamba ugonjwa au chanjo fulani ni kazi ya watu hao. Ukiipinga inanenepa. Daktari akikanusha, basi naye kalipwa. Ushahidi usipoonekana, basi wameuficha vizuri. Yule binti mwenye mtoto? Alipewa ya zamani, hizi za sasa ndizo mbaya.

Tusiwacheke wanaoamini, kwa sababu mara nyingi chini yake kuna kidonda cha kweli. Mwaka 1996 kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa kwa watoto wa Kano, Nigeria, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, na familia zikalalamika kwamba hazikuombwa ridhaa ipasavyo. Mwaka 2003 viongozi wa dini na wanasiasa huko huko Kano walipodai kwamba chanjo ya polio imetiwa dawa ya kufunga kizazi, waliongea na watu waliokwisha umwa na nyoka. Serikali ya jimbo ikasimamisha chanjo kwa takriban miezi 11. Virusi kutoka Nigeria vikasafiri hadi Indonesia.

Sasa mwanasiasa. Wengi wanadhani hatari yake ni kwamba wananchi watamwamini. Mimi naona hatari kubwa iko kwa wale wasiomwamini na wanaojua ukweli: mganga mkuu wa wilaya, mtu wa maabara, nesi wa zahanati. Uvumi wa mwaloni nesi anaweza kuukanusha kwa sauti. Wa mkubwa wake ataukanushaje, na barua ya uhamisho iko mezani kwa mkubwa huyo huyo?

Tanzania tuliliona. Mei 2020 Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa siri, zilitoa majibu ya corona. Mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Takwimu za wagonjwa zikakoma mwezi huo huo zikiwa 509, na zikakaa hapo zaidi ya mwaka. Angalia kwamba swali lenyewe, je, vipimo vinaaminika, lilikuwa halali kabisa, na maabara yoyote hujiuliza kila siku. Kilichokosekana ni mtu wa kulijibu hadharani bila woga.

Afrika Kusini gharama ilihesabiwa. Rais Thabo Mbeki alitilia shaka kwamba virusi ndivyo vinavyosababisha UKIMWI, na dawa zikacheleweshwa. Watafiti wa Harvard walikadiria kwamba watu zaidi ya 330,000 walipoteza maisha kati ya 2000 na 2005 ambao wangeweza kuokolewa.

Kwetu huku mwisho wa reli ugumu mwingine ulikuja baadaye. Januari 2021 Rais Magufuli alisema chanjo hazifai, kwamba wazungu wangekuwa na uwezo wa kuzitengeneza wangekwisha kupata chanjo ya UKIMWI. Tarehe 28 Julai mwaka huo huo Rais Samia alichanjwa Ikulu mbele ya kamera. Mzee wa Kasulu aliyesikiliza hotuba zote mbili kwa redio ile ile alikuwa na haki ya kumuuliza nesi wake: ile ya kwanza mlijua si kweli? Na kama mlijua, mbona mlinyamaza?